Mayai Matano Chini ya Masera

Jumamosi, 16 Novemba

Daftari hili lilikuwa la hisabati. Kurasa za mbele zimejaa, za nyuma ni safi, kwa hiyo nimeligeuza. Papa alikuwa mwalimu Uvira, Kongo, na Mama anasema aliandika kila kitu, hata siku ambayo kuku walianza kutaga. Alifariki nikiwa na miaka minne. Namkumbuka kidogo tu, lakini tabia hiyo nimeamua kuichukua.

Leo tumepokea mabata bukini wawili. Wametoka Lilongwe, mji mkuu wa hapa Malawi, kwa Tanti Annuarite, mdogo wake Mama, ambaye anashona nguo Kawale. Mteja wake mmoja amehama nchi akamwachia, na Tanti hana uwanja. Wamefika ndani ya kikapu, juu ya gari la muuza viazi, vichwa vikiwa nje kama abiria. Shingoni mwa kikapu palifungwa karatasi: “Mkubwa ni dume, mdogo ni jike. Arlène, hawa ni wako. Usikubali waliwe kabla hawajazaa.”

Nimesoma karatasi hiyo mara tatu. Mimi nina miaka kumi na mitano na sijawahi kuwa na kitu kinachopumua ambacho ni changu.

Nyumbani, hapa kambi ya wakimbizi, tuko wanne: Mama, Koko Capitoline ambaye ni bibi yangu, mdogo wangu Raïssa, na mimi. Kuku tunao sita. Koko amefuga bata wa kawaida maisha yake yote kule Fizi, wale wenye nyama nyekundu usoni, lakini bukini hakuna aliyewahi kumfuga kati yetu. Koko aliwazunguka mara mbili, mikono kiunoni.

“Huyu mukubwa njo dume,” alisema. “Kwetu dume inakuwaka kubwa, jike kadogo. Angalia kifua. Imekwisha.”

Raïssa alimwita yule mkubwa Prefe, maana Mama alituambia kwamba Kongo mkuu wa sekondari huitwa hivyo, na anatembea hivyo. Mdogo akawa Madamu.

Prefe alipopiga kelele ya kwanza, jirani yetu Mzee Sindayigaya alitoa kichwa juu ya ua wa matete. Ni Mrundi, anaishi peke yake, anatengeneza miavuli. Ana bata wake wanne wa kawaida.

“Mama Capitoline,” alisema, “hilo dume lenu linaongea kama mama mkwe.”

“Yako hayaongeake hata kidogo,” Koko akamjibu. “Yamechoka kukusikiliza.”

Simpendi sana mzee huyu. Hacheki anapotania.

Jumanne, 19 Novemba

Wanakula majani kama mbuzi. Madeya, yaani pumba za mahindi, nimewapa kidogo tu jioni.

Jumapili, 24 Novemba

Mvua ya kwanza. Kuku walikimbilia chini ya mabati. Prefe na Madamu walibaki katikati ya uwanja, midomo juu, wakipiga kelele kwa furaha hadi Mzee Sindayigaya akapiga ukuta wake kwa fimbo. Tuliporudi kanisani matope yalikuwa mpaka mlangoni, na nusu yake hayakuwa matope.

Alhamisi, 28 Novemba

Leo ni siku mbaya na ninaandika yote.

Mama anashona barazani. Mama Godelive, kiongozi wa korali ya kanisa letu, alikuja kupimwa nguo za Krismasi. Alikuwa amesimama, mikono juu, Mama akiwa na tepu kiunoni mwake, ndipo Prefe akaja kutoka nyuma ya jiko, shingo imenyooka chini, bila sauti. Nilimwona nikachelewa.

“Béatrice! Bata imenikula! Imenikula mugulu!” alimpigia Mama kelele.

Alama ya mdomo ilikuwepo mguuni, nyekundu, ndogo. Nilimwombea Prefe msamaha, nikamletea Mama Godelive maji na kiti. Hakukaa. Alisema kuna mashini nyingine za kushona hapa kambini ambazo hazina simba mlangoni.

Alipoondoka Mama hakunipigia kelele. Aliniita tu, akaweka mkono juu ya mashini.

“Arlène, hii njo inatulisha. Hapana bata.”

“Mama, nitawafunga kamba wakati wa wateja. Nitasafisha uwanja kabla ya shule. Nipe nafasi wazae tu.”

“Na wasipozaa?”

Nilikiinua kile kiti ambacho Mama Godelive hakukikalia.

“Korali itakuwa na karamu siku ya Pasaka,” Mama alisema. “Wakiwa na batoto mpaka pale, wanabaki, nitawatetea mbele ya bantu bote. Hapana batoto, nitawapa korali. Nitamwambia Godelive leo, ili asiende kwa mashini nyingine.”

Jioni Mama Godelive alituma neno: atakuja Jumamosi kabla ya Pasaka, na sufuria ataleta mwenyewe.

Sasa najua siku. Ni afadhali kuijua.

Jumanne, 10 Desemba

Yai! Nyuma ya kuni, ndani ya majani makavu. Ni zito, linajaza mkono wangu wote.

Jumamosi, 14 Desemba

Mayai mawili kwa siku moja! Niliyakuta yote mawili yakiwa na joto. Koko alicheza.

“Hii Madamu iko na nguvu! Hata kuku ya bazungu haifanye hivi.”

Mzee Sindayigaya alisikia kutoka upande wake. “Mawili? Siku moja?” alisema, kisha akakohoa. Nadhani ni wivu.

Jumatano, 18 Desemba

Madamu haonyeshi kutaka kuatamia. Koko anasema si neno, kwao Fizi mayai ya bata huwekwa chini ya kuku anayeaminika, na anayeaminika kwetu ni Masera. Huyu ni kuku wa kijivu, mnene, mpole, tuliyempa jina la masista kwa sababu ya manyoya meupe shingoni. Amekaa juu ya kiota kitupu siku nne, hataki kuondoka.

Matano tu ndiyo yanaingia chini yake. Kabla ya kuyaweka, Koko alichukua kipande cha makaa akachora msalaba juu ya kila yai.

“Juu ya nini, Koko? Ya kazi gani?”

“Juu ya radi. Mvua ya hapa iko na hasira. Radi ikipiga, inaingia ndani ya yai inazima moto. Ikiona msalaba, inapita.”

Katika kitabu chetu cha kilimo hakuna jambo hilo. Lakini misalaba haikumdhuru mtu, nami nikamshikia yai la mwisho alipokuwa akilichora.

Jumatano, 25 Desemba

Korali iliimba vizuri. Mama Godelive alikaa mbali nasi.

Jumatatu, 30 Desemba

Nilitaka kuyamulika mayai kwa tochi ya simu ya Mama, nione kama kuna uhai. Koko amekataa kabisa. Mkono wa mtu, anasema, unaharibu kiota. Nimetii.

Jumatano, 8 Januari

Siku ya ishirini na moja. Koko alikaa mbele ya Masera asubuhi yote kama mtu anayesubiri basi. Nilimweleza kwamba bukini si kuku, ni siku thelathini. Alinikubalia kwa kichwa, akaendelea kusubiri.

Ijumaa, 17 Januari

Thelathini. Hakuna kitu.

Jumatatu, 20 Januari

Yai moja limepasuka chini ya Masera. Harufu ilituamsha wote. Nilifunga pua kwa kitambaa nikayatoa manne mengine, nikayavunja kwenye shimo nyuma ya choo. Nilikuwa nimejiandaa kuona vifaranga waliokufa. Hakukuwa na kifaranga hata mmoja, wala dalili ya damu. Maji mabovu tu.

Masera bado amekaa. Amekonda mpaka kifua chake ni mfupa. Nilimwinua kwa mikono miwili, nikampeleka kwenye maji, akarudi palepale juu ya majani matupu.

Sikulia mbele ya Raïssa.

Jumanne, 21 Januari

Leo shule ilifungwa mapema kwa sababu darasa letu linavuja. Nilifika nyumbani saa nne asubuhi, saa ambayo kwa kawaida siko. Nikasikia kitu nyuma ya kuni, nikainama.

Prefe alikuwa amekaa kwenye kiota. Shingo imesinyaa, macho yamefumba nusu. Nilidhani anaumwa. Kisha akasimama, akajitikisa, akaondoka na hatua zake za mkuu wa shule. Alipokuwa amekaa palikuwa na yai, bado lina unyevu.

Niliyakumbuka mayai mawili ya siku moja, na Koko akicheza.

Mzee Sindayigaya alikuwa upande wa pili, anashona mwavuli. Nilienda mpaka uani kwake, sikumwamkia hata.

“Mzee, ulijua?”

Aliweka sindano chini. “Kujua nini?”

“Kwamba wote ni majike!”

“Nilisema siku ya kwanza. Nilisema lina sauti ya mama mkwe. Bibi yako akanitukana.”

“Tulifikiri ni utani!”

“Mimi sitanii juu ya bukini,” alisema, na uso wake ulikuwa vilevile kama siku ile. “Hawa si kama bata zetu, ukubwa hausaidii. Wanajulikana kwa masikio. Jike sauti yake nene, inatoka chini. Dume sauti yake nyembamba, ya juu, kama mlango unaotaka mafuta. Ninyi mnafuga miezi miwili, hamjawasikiliza hata siku moja. Mnawaangalia tu.”

Nilikuwa na hasira, nikamwuliza kwa nini hakusema tena, waziwazi, kama mtu mzima.

Aliuweka mwavuli kando. Kisha akaniambia niketi juu ya ndoo. Alisema Bujumbura alikuwa mlinzi wa geti kwa daktari mmoja, miaka kumi na miwili, na daktari yule alikuwa na bukini sita. Walikuwa zamu moja naye. Wao wakilia, yeye anainuka, anafungua geti.

“Tangu wenu wafike,” alisema, “wakilia asubuhi miguu yangu inasimama yenyewe. Nafika hapa kwenye ua, natafuta geti. Hakuna geti. Narudi kukaa. Mwanangu, sikutaka wazae. Nilitaka waondoke.”

Nilimwomba msamaha kwa kutomwamkia, nikamwamkia. Kisha nikamwambia kwamba wasipozaa kabla ya Pasaka watapikwa.

“Watapikwa,” alirudia. Alichukua sindano, akaiweka tena chini. “Mchesi, kule Lilongwe, kuna mtu mmoja namtengenezea miavuli. Ana madume matatu yanauana. Mama yako apate kibali cha kutoka kambini, Jumamosi twende.”

Ijumaa, 24 Januari

Bwana Kachale wa Mchesi amekubali kwa simu kubadilishana: jike kwa dume. Swali ni jike gani.

“Peleka ile inayokula bantu,” Mama alisema.

Mimi nilitaka kumtoa Madamu. Madamu ni mpole na hanijui. Prefe hunifuata mpaka njiani ninapoenda shule, na ni mimi tu ambaye haniumi. Lakini Mzee Sindayigaya alisema mtu wa Mchesi anataka mlinzi, jike mpole atamrudisha au atamchinja. Nimefikiri sana. Kama nampenda Prefe, inafaa aende mahali ambapo ukali wake ni kazi.

Koko hajawakaribia bukini tangu Jumanne. Leo aliniambia tu, akiwa ameangalia pembeni: “Bata ya Fizi haikunidanganyaka hata siku moja.”

Jumamosi, 25 Januari

Tumerudi na dume.

Nilimbeba Prefe mapajani ndani ya kikapu mpaka Lilongwe, na kutoka kituoni tulipanda kabaza tatu, baiskeli ya Mama mbele, ya Mzee katikati, yangu nyuma. Mwendeshaji wangu aliogopa, alikuwa akigeuka kila mara. “Sister, isiniume mgongo!”

Uwanja wa Bwana Kachale umejaa injini na mafuta meusi. Ni Mmalawi mwenye tumbo na kicheko kikubwa. Madume matatu yalikuwa yamefungwa mbalimbali, moja lina jicho bovu.

“Zikomo, zikomo, asanteni! Chagueni,” alisema. “Yote mabaya.”

Mzee Sindayigaya hakuyaangalia. Alisimama katikati ya uwanja akafumba macho. Mafundi walianza kucheka, mmoja akauliza kama babu anaomba. Mzee alipiga makofi mara moja. Madume yote yakalia.

“Wewe, Arlène,” alisema bila kufumbua. “Lipi?”

Nami nikafumba macho. Mwanzoni ilikuwa kelele moja. Alipopiga makofi mara ya pili nilianza kuzitenganisha. Zote zilikuwa nyembamba, kweli kama bawaba, tofauti kabisa na ya Prefe aliyekuwa akijibu kutoka kikapuni kwa sauti yake nene. Nilishangaa nilivyowahi kukosa kuisikia. Ile ya upande wa kushoto ilikuwa na nguvu, haikukatika.

“La kushoto,” nilisema.

“Mimi pia.”

Nilimtoa Prefe mwenyewe. Alisimama katikati ya uwanja ule, akanyoosha shingo, akamfukuza fundi aliyecheka mpaka juu ya gari. Bwana Kachale akapiga kelele kwa furaha. Nilipojaribu kumgusa mara ya mwisho aliniuma kidole gumba. Hajawahi kuniuma. Alama bado ipo ninapoandika.

Mama aliiona. Tulipofika barabarani alibeba kikapu yeye.

Jumamosi, 1 Februari

Dume tumemwita Inspekta. Madamu hamtaki. Anakula upande huu, yeye upande ule. Siku zinakwenda.

Jumapili, 9 Februari

Mzee Sindayigaya anasema bukini wanapendana majini. Nimechimba shimo nyuma ya jiko, nimelitandika plastiki nzito. Mvua imelijaza kwa usiku mmoja, hivyo sikulazimika kupanga foleni kisimani. Mzee alisimama uani akanielekeza, kulia kidogo, kushoto kidogo. Koko alimpelekea chai, akaipitisha juu ya ua.

“Iko na sukari?” aliuliza Mzee.

“Kunywa utajua.”

Alhamisi, 20 Februari

Wamekutana majini. Koko aliniambia niangalie upande mwingine. Nimeandika tarehe.

Alhamisi, 6 Machi

Yai la kwanza tangu Inspekta aje. Moja tu, kama inavyotakiwa.

Jumapili, 16 Machi

Yametimia matano. Nayahifadhi ndani ya beseni la madeya, chini ya kitanda, na nayageuza kila siku. Nimehesabu: nikiyaweka Alhamisi hii, siku ya thelathini ni Jumamosi ile ya sufuria. Hakuna hata siku moja ya ziada. Kila kitu kinategemea Masera kukubali tena.

Alhamisi, 20 Machi

Masera amekubali. Koko alimwambia kwa sikio jambo ambalo hakutaka tulisikie.

Koko alichora misalaba yake. Kisha nilimwomba jambo moja, nikiwa nimepiga magoti. Nilimweleza kwamba mayai ya bukini ni mazito, kuku hawezi kuyageuza, na yasipogeuzwa kifaranga hugandana na ganda. Inabidi mkono wa mtu uyageuze, asubuhi na jioni.

“Mukono ya mutu inaharibu.”

“Koko, msalaba wako utanisaidia. Asubuhi nauweka juu, jioni nauweka chini. Bila msalaba wako nitapotea, sitajua lipi nimegeuza.”

Aliyatazama mayai, akanitazama. “Basi msalaba njo unafanya kazi,” alisema.

“Ndiyo, Koko.”

“Nilisema mi.”

Jumanne, 25 Machi

Asubuhi msalaba juu. Jioni msalaba chini. Masera ananidonoa lakini si kwa nguvu.

Jumapili, 30 Machi

Siku ya kumi. Tumeyamulika. Mzee Sindayigaya alikuja na simu yake yenye tochi kali, Koko akafunika mlango kwa kikwembe ili pawe giza, kisha akasimama nyuma yetu kama hakimu.

Yai la kwanza: jeupe, tupu. La pili: tupu. La tatu lilikuwa na nukta nyeusi, na kutoka kwake mishipa myekundu imetambaa kila upande. Nukta ilicheza.

Koko alisogea mpaka kidevu chake kikakaa begani kwangu. Ana miaka sabini na miwili na ameatamisha mayai zaidi ya wanayoweza kuhesabu wajukuu wake wote. Hakuwahi kuona hivi.

“Kumbe iko vile,” alisema kwa sauti ndogo. “Siku zote iko vile.”

Yenye uhai ni matatu.

Ijumaa, 4 Aprili

Nanyunyiza maji ya uvuguvugu, matone machache, kama Mzee alivyosema. Mama aliniuliza ni siku ngapi zimebaki. Nilimwambia kumi na tano. Alikuwa anakata kitambaa cha nguo za Pasaka za korali.

Jumatano, 9 Aprili

Tulikuwa tumedhani mvua imekwisha. Mchana wa leo imeshuka kama mtu anayemwaga. Nilikuwa shuleni. Niliomba ruhusa nikakimbia, viatu mkononi.

Banda la kuku lilikuwa limefunguka upande mmoja, bati limepeperuka. Na ndani niliona kitu ambacho sitakisahau. Mzee Sindayigaya alikuwa amepiga magoti kwenye maji, ameshika mwavuli mkubwa mweusi, ule wa mteja, juu ya Masera. Yeye mwenyewe alikuwa amelowa mpaka mfupa. Koko alikuwa upande wa pili, ameziba tundu kwa mgongo wake.

“Ulikuwa wapi, zamu yako hii!” Mzee alinifokea.

Mama alifika na beseni. Tulimwinua Masera pamoja na kiota chake chote na kumwingiza ndani, tukamweka kando ya mashini, mahali pekee palipokuwa pakavu. Yai moja lilikuwa limebiringika kwenye maji. Lilikuwa baridi. Nilijua kabla ya kulimulika.

Yamebaki mawili.

Radi ilipiga karibu sana. Koko, nguo zikimdondoka maji, alichukua kaa akakazia misalaba miwili.

Alhamisi, 17 Aprili

Siku ya ishirini na nane. Kimya. Masera amekaa kando ya mguu wa Mama, na mashini inatetemesha sakafu siku nzima kwa sababu nguo za korali hazijaisha. Nina wasiwasi na mtetemo huo, lakini siwezi kumwambia Mama asishone.

Tanti Annuarite amepiga simu. Amepita Mchesi. Anasema Prefe ameuma madereva wawili na Bwana Kachale anajivunia.

Ijumaa, 18 Aprili

Kimya.

Nimesafisha uwanja, nimewasafisha Madamu na Inspekta miguu. Kama watachukuliwa kesho, waondoke safi. Nimejiambia kwamba nilifanya kila nilichojua, na pia baadhi ya vile nilivyokuwa sivijui. Nitayageuza mayai jioni hii kama kawaida. Hapana: kitabu kinasema siku mbili za mwisho usiyaguse. Sitayagusa.

Jumamosi, 19 Aprili

Naandika kwa mpangilio, nisiruke kitu.

Mama Godelive alifika saa tatu na akina mama wawili wa korali. Sufuria ilikuwa kubwa kweli, wameibeba wawili. Walisalimia vizuri. Mama alikuwa anamalizia pindo la nguo ya mwisho, pini zikiwa mdomoni.

“Béatrice, tulisema leo.”

Mama alitikisa kichwa kukubali, mguu haukuacha kukanyaga. Aliniangalia. “Arlène, uko na nini?”

Nilipiga magoti mbele ya Masera. Nilitaka tu kusema sina. Niliingiza mkono chini yake, nikaligusa yai la kwanza. Ganda lilikuwa zima. Na la pili. Hakuna ufa. Nilikuwa karibu kuutoa mkono, ndipo nikahisi kitu kikigonga kidole gumba, palepale penye alama ya Prefe. Kidogo sana. Nikalitoa yai nikaliweka sikioni. Mashini ilikuwa inalia, akina mama wanaongea, nikafumba macho nikazitenga sauti moja moja kama nilivyofanya Mchesi. Chini ya zote palikuwa na nyingine, ndogo, ndani.

“Mama, simamisha mashini.”

Hakuna anayemwambia Mama hivyo. Akina mama wa korali waligeuka wote. Lakini Mama aliondoa mguu.

Niliinuka nikamwekea yai sikioni. Alikuwa bado na pini mdomoni. Aliangalia ukuta, kama mtu anayesubiri mwenzake apokee simu. Kisha uso wake ukabadilika. Alitoa pini moja moja, akazichoma kwenye mto wake, zote saba, ndipo akasema.

“Inaniita.”

“Nani anakuita?” Mama Godelive aliuliza.

“Kuya usikie.”

Mama Godelive aliinama akiwa na mashaka yote usoni. Yai lilikaa kwenye sikio lake. Tukasubiri. Ghafla alijishika kifua. “Yesu wangu. Iko inaongea!”

“Lirudisheni haraka,” nilisema, “litapoa.” Walilirudisha wao wenyewe, watu watatu kwa yai moja.

Mama alisimama. “Nilisema wakiwa na batoto mpaka Pasaka wanabaki. Huyu ameshafika, ni mlango tu hajafungua. Godelive, korali itakula maharagwe yangu, na mchele. Nitapika mimi.”

Mama Godelive aliitazama sufuria yake tupu. “Maharagwe basi,” alisema. “Lakini kifaranga kimoja, kikikua, ni cha korali. Na kifundishwe adabu.”

Wamebeba sufuria wakaondoka, na nilimsikia njiani akiwaeleza wenzake kila kitu upya, kana kwamba hawakuwepo.

Jumapili, 20 Aprili, Pasaka

Wa kwanza ametoka alfajiri. Ni wa kijani kijani na kijivu, ana miguu mikubwa kuliko mwili. Masera amekuwa akiitazama miguu hiyo kwa muda mrefu. Yai la pili lina tundu, na mdomo unaonekana.

Koko alimbeba kwenye kiganja. “Hii dume,” alisema. “Angalia miguu.”

“Koko, tusubiri kwanza akue, tumsikie.”

Alinung’unika, lakini alimweka karibu na sikio lake.

Jambo la mwisho, kisha nijiandae kwenda kanisani. Jana mchana, wakati Mama anachambua maharagwe, Mzee Sindayigaya alikata ule ua wa matete kati yetu, upana wa mtu mmoja. Alifunga fremu ya miti, akatia bawaba mbili za mpira wa tairi. Koko aliuliza anafanya nini, akasema anataka kuona vifaranga bila kuvunja shingo.

Leo asubuhi Inspekta alilia, kwa sauti yake nyembamba. Nilikuwa uwanjani na maji. Nikamsikia Mzee akiinuka kitandani mwake, nikasikia miguu yake ikija, polepole, mpaka uani.

Akafungua geti.